Kutoa 2L na kufunga 3L au 5L kwenye Hilux ya zamani kwa hela kidogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mi nafanya kazi ya kubeba mboga kutoka Lushoto kushuka Mombo, na gari langu ni Hilux LN85 iliyozaliwa na injini ya 2L (2L, 3L na 5L ni majina ya injini za dizeli za Toyota, sio lita). Mwaka wa tatu huu inatembea na 3L. Nikisimama pale Soni kupoza breki lazima dereva mmoja aje aniulize kaka umefungaje hiyo, imeingia bila kukata chesisi, umetumia shingapi. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika hapa yote na majibu yake, ukiwa na muda soma lote kabla hujatoa hela mfukoni.

Kwa nini nisifanye tu ovahoo ya 2L yangu nikaendelea na maisha?

Kama unabeba mzigo mwepesi na unatembea sehemu za tambarare, fanya ovahoo. Nasema kwa moyo mmoja kabisa. 2L ni injini nzuri, inakula kidogo, spea zake zipo kila kona. Shida yake inaonekana mlimani. 2L ina cc 2446, haina tabo, na ukiiwekea tani moja juu ukaanza kupanda inabaki gia ya pili mguu umezama mpaka chini, na injini inayopanda hivyo kila siku ndo inayochemsha, na ikichemsha mara mbili tatu silinda hedi inapasuka.

Na uangalie hesabu yenyewe. Ovahoo ya kweli ni pistoni, ringi, slivu, beringi za krenki, gasketi seti nzima, kazi ya mashine shopu, silinda hedi kama imepasuka ununue nyingine, na pampu ipelekwe kwa fundi pampu. Ukimaliza kujumlisha unakuta hela hiyo inakaribia bei ya 3L iliyotumika ambayo ni nzima. Mi hapo ndo niliposimama nikasema bora niende mbele.

3L au 5L, nichukue ipi?

Hizi zote ni ukoo mmoja, ukoo wa L. Toyota walichukua umbo lile lile wakaongeza upana wa tundu la silinda na urefu wa mwendo wa pistoni. 2L ina tundu la milimita 92 na mwendo wa milimita 92. 3L ni 96 kwa 96, inakupa cc 2779. 5L ni 99.5 kwa 96, inakupa cc 2986. Nguvu ya 3L ni kama farasi 90, ya 5L inasogea karibu na 97 hivi, wakati 2L yako ilikuwa na 80 na ushee siku ilipotoka kiwandani, na sasa hivi baada ya miaka thelathini hata hizo sina uhakika kama bado unazo zote.

Ukiangalia karatasi utasema tofauti ni ndogo. Lakini kwenye mzigo unachokisikia ni lile vuta la chini, injini ikiwa kwenye mzunguko mdogo. Mlima niliokuwa naupanda na gia ya pili sasa naupanda na ya tatu, na hiyo kwangu ndo ilikuwa sababu.

Kati ya 3L na 5L, nunua iliyo nzima zaidi kati ya hizo mbili utakazozikuta siku hiyo. 3L nzima ni bora kuliko 5L iliyochoka, tena kwa mbali. Kama zote ni nzima na bei zimekaribiana chukua 5L, ila soma kwanza swali la pampu hapo chini.

Watu wananiambia funga 1KZ uwe mwanaume, vipi?

1KZ-TE ni injini ya cc 2982 yenye tabo, ina farasi 125 na kuendelea, na hakuna ubishi kwamba inavuta kuliko 5L. Ila kwa mtu mwenye bajeti ndogo mi namkataza. Sababu zangu ni hizi. Kwanza housing ya klachi yake haifanani na ya ukoo wa L, maana yake giaboksi yako ya 2L haikai, unahitaji giaboksi ya R150 au R151 iliyokuja nayo, na ukibadilisha giaboksi unagusa propela, unagusa maunting ya giaboksi, unagusa lever. Pili ile TE ni pampu ya umeme, inataka kompyuta yake, sensa ya mguu wa mafuta, na waya zake zote zikiwa hazijakatwakatwa. Tatu silinda hedi yake ni ya alumini na ikichemka inapasuka, na hedi ya 1KZ bei yake sio ya mchezo.

Ukipata hafukati nzima ya Surf au Prado, injini na giaboksi na kompyuta na waya na rejeta vyote pamoja, na una fundi umeme unayemwamini, hapo ni hadithi nyingine. Ila kununua injini tupu ya 1KZ alafu uanze kuokoteza kimoja kimoja, gari litalala gereji miezi na biashara itakufa. Nimeona zaidi ya moja zimeishia hivyo, boneti wazi, kuku wanalala ndani.

Na 1HZ ya Land Cruiser naulizwa pia. Ni silinda sita, cc 4164, ndefu na nzito. Kwenye Hilux unakata ukuta wa mbele, unasogeza rejeta, springi za mbele zinalala. Hapana.

Injini za bei rahisi zote nakuta zimetoka kwenye Hiace, zinaingia kwenye Hilux?

Zinaingia, na mi yangu ilitoka kwenye Hiace, lakini hapa ndo watu wanapopotezea muda na hela kwa hiyo nisikilize vizuri.

Bloku ni ile ile. Kinachotofautiana ni nguo zake. Kwenye Hiace injini imekaa chini ya siti, kwa hiyo sampu ya oili ina umbo lingine, mrija unaonyonya oili ndani ya sampu ni mwingine, mabano ya maunting ni mengine, stiki ya oili inakaa kwingine, na wakati mwingine manifodi ya kuingiza hewa inaelekea upande ambao kwenye Hilux inagonga. Dawa yake ni rahisi: usiuze wala usitupe 2L yako kabla kazi haijaisha. Unavua sampu, mrija wa kunyonya, mabano ya maunting na stiki kutoka kwenye 2L unahamishia kwenye 3L. Vinahama kama ndugu wanavyoazimana shati. Kumbuka sampu na mrija wake vinaenda pamoja, ukichanganya sampu ya Hilux na mrija wa Hiace ama utagonga chini ama utakuwa juu mno na siku moja kwenye mlima oili inakimbilia nyuma, mrija unanyonya hewa, na beringi za krenki zimekwisha.

Kingine. Hiace nyingi kutoka Japani zilikuwa otomatiki. Injini ya otomatiki haiji na flaiwili, inakuja na bati jembamba lenye meno, na nyuma ya krenki hakuna ile beringi ndogo ambayo shafti ya giaboksi inaegemea. Mtu anafunga, anasahau beringi ile, giaboksi inaanza kulia ndani ya wiki mbili na anadhani giaboksi ndo imekufa. Ni beringi ya bei ndogo sana, iweke.

Angalia pia kama Hilux yako ni ya kuvuta nyuma tu au fowili, kwa sababu sampu za hizo mbili hazifanani, ya fowili imekwepa difu ya mbele. Ndo maana nasema sampu yako mwenyewe ndo sahihi kuliko ya mtu.

Nitajuaje injini ni nzima kabla sijalipa?

Injini ya kwanza niliyonunua niliinunua kwa masikio. Muuzaji aliunga betri, ikapiga moja, ikakaa sailensa vizuri, yaani ikaunguruma bila kukanyagwa mafuta, nikalipa. Ilipofika ndani ya gari na mzigo juu ikaanza kurusha maji, kuja kufungua hedi ina ufa katikati ya valvu mbili. Hela ile haikurudi. Kwa hiyo haya ninayokuambia nimeyalipia.

Pima kompresheni. Geji ya dizeli, sio ile ya petroli, maana ya petroli inaishia chini na itapasuka. Geji inafungwa kwenye tundu la hita (ile plagi inayopasha silinda moto kabla ya kuwasha), unazungusha kwa stata, betri iwe imejaa. 3L ambayo bado iko vizuri inakwenda kwenye psi 450 hivi. Ikishuka chini ya 285 hiyo ni ya kufungua. Na hata kama zote ziko juu, angalia tofauti kati ya silinda na silinda, isizidi psi 70. Silinda tatu zina 400 na moja ina 300, achana nayo hata akikupunguzia bei.

Muuzaji akikataa usipime, ondoka. Nakuomba kabisa, ondoka. Pale Gerezani Kariakoo injini za 3L haziishi, utapata nyingine, na Nairobi ndugu zetu wana Kirinyaga Road hali ni hiyo hiyo.

Baada ya kompresheni iwashe ikiwa ya baridi, usikubali kukuta imeshapashwa moto. Fungua kifuniko cha oili ikiwa inaunguruma, kama moshi unasukuma kwa nguvu kama bomba la treni basi ringi zimekwisha. Angalia kwenye maji kama kuna mapovu yanayotoka mfululizo. Chovya stiki, oili iliyo kama chai ya maziwa ina maji ndani. Na usidanganywe na rangi, injini nyingi zinapigwa rangi ya silva zikifika dukani ili zionekane mpya, sasa wewe angalia vichwa vya boliti za silinda hedi na nati za mbele kwenye kava la taimingi, kama rangi imepasuka au kuna alama za spana mpya basi imeshafunguliwa na uulize kwa nini.

Kama injini iko chini haiwezi kuwashwa, angalau mwombe afungue sampu. Chenga za beringi zinazong'aa kwenye oili hazifichiki.

Giaboksi yangu ya 2L itastahimili?

Inakaa bila adapta, na kwa 3L na 5L bila tabo inastahimili kama ilikuwa nzima. Tumia flaiwili na klachi za 3L, diski pana, usibane hela ukafunga klachi ndogo ya 2L kwa sababu tu bado ina unene, itateleza kwenye mlima wa kwanza. Giaboksi ikiwa imeshuka badilisha rilizi beringi na sili ya nyuma ya krenki, kwa sababu ili uifikie sili ile siku nyingine lazima ushushe giaboksi tena, na sili yenyewe ni hela ndogo tu.

Naweza kuhamishia pampu ya 2L kwenye 3L?

Inakaa, gari litawaka na kutembea. Lakini pampu ya 2L imepimwa kutoa mafuta ya cc 2446, kwa hiyo umefunga injini kubwa na unailisha chakula cha mtoto. Utasema 3L haina nguvu kumbe ina njaa. Tumia pampu iliyokuja na injini.

Sasa 5L. Kuna 5L za pampu ya kawaida na kuna 5L-E ambazo pampu yake ni ya umeme, utaitambua kwa soketi kubwa za waya kwenye pampu yenyewe. Ukinunua 5L-E bila kompyuta wengi wanavua ile pampu wanafunga ya 3L ya kawaida pamoja na mabomba yake, alafu fundi pampu anaipima kwenye mashine aongeze mafuta kidogo. Inafanya kazi vizuri. Ila hiyo pampu ya pili iweke kwenye bajeti kabla hujafurahia bei ya 5L-E.

Na tafadhali sana, ile skrubu ya mafuta nyuma ya pampu usiiguse mwenyewe. Vijana wanaizungusha gari liwe na nguvu, moshi mweusi unatoka kama wa tanuri la mkaa, wanafurahi. Moshi mweusi ni mafuta ambayo hayajaungua na joto lake linaishia kwenye pistoni na kwenye hedi.

Rejeta ya zamani inatosha?

Hapa ndo nataka uweke hela. Ukiniuliza nipunguze wapi nitakuambia kwingine kote, hapa usipunguze.

Injini kubwa inaunguza mafuta mengi zaidi na joto lile lazima liende mahali. Rejeta ya 2L nyingi zina safu mbili, na baada ya miaka ya maji ya mtoni nusu ya mirija imeziba kutu. Tafuta rejeta ya safu tatu, ya shaba kama utaipata, mafundi rejeta wanaweza kuifungua juu na chini wakaisafisha kwa vijiti na kuchomelea tena. Mi nilifanya hivyo na iko hadi leo.

Kava la feni lazima liwepo. Lile plastiki la kuzunguka feni ambalo kila gereji wanalitoa kwa sababu linawasumbua mikono wakifungua belti. Bila lile feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuvuta kupitia rejeta, na ukiwa unapanda taratibu hakuna upepo wa mwendo wa kukusaidia. Klachi ya feni nayo, injini ikiwa ya moto imezimwa zungusha feni kwa mkono, ikizunguka hovyo kama pangaboi imekwisha.

Themostati usitoe. Najua fundi wako atakuambia huku kwetu joto, toa. Themostati za injini hizi zina kisahani cha chini kinachoziba njia ya mkato maji ya moto yakishafika joto lake. Ukiitoa ile njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, alafu mnashangaa gari linachemsha mlimani na asubuhi halipati moto. Weka mpya, na kile kitundu chenye kijiti kielekee juu ili hewa itoke.

Na weka kulanti. Maji matupu ni kutu.

Kwa nini unaongelea sana breki wakati mi nataka nguvu?

Kwa sababu barabara ya Mombo mpaka Lushoto ina pande mbili. Tukipanda tunapanda na mbolea, saruji, soda, tukishuka tunashuka na kabichi na viazi vya lumbesa, na upande wa kushuka hakuna injini itakayokuokoa kama huna breki. Madereva wa mlima wa Kitonga wananielewa.

Injini ya dizeli haitengenezi uvutaji wa hewa wa kusaidia busta ya breki kama petroli inavyofanya. Toyota waliweka vakyum pampu, na kwenye ukoo huu wa L iko nyuma ya altaneta, inazunguka na altaneta hiyo hiyo. Inalainishwa na oili ya injini, kuna mpira unaopeleka oili na mwingine unaorudisha. Sasa watu wananunua altaneta ya bei rahisi isiyo na pampu kwa nyuma, gari linachaji vizuri kabisa, na mguu wa breki umekuwa mgumu kama jiwe. Au wanaziba mpira wa oili kwa sababu unavuja, pampu inakauka inakufa. Ukinunua injini hakikisha inakuja na altaneta yenye pampu yake, na kama haiji hamisha ya 2L.

Baada ya hapo kagua viatu, ngoma, mirija ya breki ya mpira ambayo ina umri wa gari, na maji ya breki yabadilishwe yote. Nguvu mpya itakufanya ubebe zaidi na ukimbie zaidi hata kama umejiapiza hutafanya hivyo.

Unaposhuka, gia unayoshukia iwe ile ile ambayo ungepandia ukiwa na mzigo huo. 3L inashikilia gari vizuri kuliko 2L, tumia hiyo.

Nibadilishe na difu?

Sio mara moja. Tembea kwanza mwezi. Hilux nyingi za mzigo zina difu fupi, 4.875 au 4.556 (yaani propela inazunguka mara hizo tairi likizunguka mara moja), Toyota waliiweka ili 2L iweze kuvuta. Kwa 3L unaweza kwenda 4.3 au hata 4.1 na kwenye lami injini itatulia, kutoka 4.875 kwenda 4.1 mzunguko unashuka asilimia 16 kwa mwendo ule ule. Mi nimebaki na difu yangu fupi kwa sababu kazi yangu ni milima. Mtu wa Chalinze mpaka Dodoma atafikiria tofauti. Kama gari ni fowili kumbuka difu ziko mbili na lazima zifanane, ukibadilisha ya nyuma peke yake utavunja kitu siku utakayoingiza fowili kwenye sehemu kavu.

Waya zinasumbua?

3L ya pampu ya kawaida inahitaji waya chache mno: wa soleno ya kuzima kwenye pampu, wa hita, wa stata, wa altaneta, wa geji ya joto na wa oili. Sensa ya joto hamisha ile ya 2L yako kwa sababu inasomana na geji iliyoko kwenye dashibodi, ukiacha ya Hiace sindano inaweza kukuonyesha iko poa huku injini inaungua. Sensa ya oili vivyo hivyo.

Hita ndo zina mtego. Zipo za volti 6, zipo za volti 11, kutegemea mfumo wa gari zilikotoka. Ukifunga za volti 6 kwenye waya unaopeleka umeme wote wa betri moja kwa moja zinaungua zote nne asubuhi moja. Soma maandishi kwenye hita, nunua zinazoendana na mfumo wa gari lako.

Jumla ni shilingi ngapi?

Bei naacha kutaja kwa sababu injini hizi zinafuata dola na zinafuata msimu, nikikuandikia leo kesho utaenda kugombana na muuzaji. Nitakupa mgawanyo nilioutumia. Hesabu bei ya injini, alafu tenga nyingine kama asilimia 70 ya hiyo bei pembeni, usiiguse. Humo ndani kuna klachi seti, taimingi belti na roli zake, wota pampu, sili zote za mbele na nyuma, gasketi ya sampu na ya kava la valvu, rejeta, mipira ya maji yote, themostati, filta tatu, oili kati ya lita 5 na 6, kulanti, maunting mpya, kazi ya eksozi, na fundi. Kama hiyo asilimia 70 huna, subiri. Gari lako la 2L hata kama limechoka bado linaingiza kitu, likishafunguliwa haliingizi.

Wapi pa kubana: usinunue injini iliyotoka kwenye kontena jana kwa bei ya kujionyesha kama kuna kipanya (Hiace ya abiria) kinachouzwa mzima mzima kimegongwa nyuma, unakisikia kinatembea, unakipima, unachukua injini na stata na altaneta na pampu, alafu milango na siti na taa unauza. Mwenzangu mmoja Korogwe alifanya hivyo na nusu ya hela yake ikarudi.

Taimingi belti usirithi. Hata muuzaji akiapa. Belti ni ya kilomita 100,000 na hakuna anayejua hiyo imetembea ngapi. Ikikatika valvu zinakutana na pistoni. Ukishafunga mpya andika kilomita kwa rangi kwenye kava, na ile taa ya T-BELT kwenye dashibodi iseti upya ianze kuhesabu.

Inachukua siku ngapi?

Mafundi wawili, chenibloku, spea zote ziko mezani: siku tatu. Spea zikiwa zinatafutwa moja moja kwa bodaboda: mwezi. Kabla injini haijaingia mshushe tenki la mafuta muoshe, tope la miaka thelathini lililoko chini ya tenki lina uwezo wa kuua pampu nzima ndani ya siku moja.

Lazima nibadilishe kadi?

Ndiyo, na fanya mapema. Kadi ya gari ina namba ya injini na ukubwa wake, sasa ukikamatwa kwenye ukaguzi namba ya kwenye bloku haifanani na ya kadi utaonekana mwizi hata kama ni mtu wa swala tano. Chukua risiti ya injini yenye namba yake iliyoandikwa, nakala ya nyaraka za forodha kama muuzaji aliingiza mwenyewe, gari likaguliwe na polisi wa usalama barabarani, alafu TRA wabadilishe taarifa. Kenya mnapitia NTSA na ukaguzi wao. Bima waambie pia. Muuzaji asiyetaka kuandika namba ya injini kwenye risiti, usinunue kwake.

Mi nina Isuzu TFR, nifanyeje?

Una bahati. 4JA1 yako ya cc 2499 na 4JB1 ya cc 2771 ni ndugu kama 2L na 3L, tundu ni lile lile la milimita 93 na kilichoongezeka ni mwendo wa pistoni kutoka 92 mpaka 102. Na zipo zenye taimingi ya gia, zisizo na belti. Yote niliyosema kuhusu kompresheni, rejeta na breki yanakuhusu.

Inakula mafuta zaidi?

Tupu, ndiyo, kidogo. Na mzigo mlimani mi sioni tofauti ya kulalamikia, kwa sababu 2L nilikuwa naikanyaga mwisho njia nzima.

Wiki ya kwanza niangalie nini?

Usibebe mzigo mzito siku tatu za mwanzo. Kila asubuhi fungua rejeta ikiwa ya baridi, angalia kama maji yamepungua, hewa iliyobaki ndani itatoka polepole. Kaza upya boliti za maunting na za eksozi, zinalegea. Baada ya kilomita 500 mwaga oili badilisha na filta, kwa sababu hujui injini ile ilikuwa na uchafu gani kabla yako. Mlima wa kwanza ukiupanda simama juu, usizime, iache iungurume dakika mbili, angalia sindano ya joto inarudi wapi na ushike mpira wa juu wa rejeta, uwe mgumu kiasi, sio kama umejaa pampu.

Hiyo 2L ya zamani niifanyie nini?

Stata, altaneta na vakyum pampu yake weka stoo, ni akiba yako, vitaingia kwenye 3L siku yoyote. Pampu kama ni nzima kuna mtu wa 2L anaitafuta. Silinda hedi ikiwa haijapasuka hiyo ndo dhahabu, usiiuze kwa bei ya chuma. Bloku na krenki wapelekee wa mashine shopu, kama krenki haijachongwa sana wataichukua.

Yangu bado iko nyuma ya nyumba imefunikwa turubai, imebaki bloku tu, vingine vyote vimeshapata magari.